Kikande anamaliza chambo kabla tewa hajafika: nihame mwamba?

Swali: Shikamoo ami. Mimi ni nahodha hapa Malindi, nina boti ya faiba ya injini mbili. Msimu wa kaskazi nawapeleka wageni kutafuta sulisuli, lakini siku hizi familia nyingi kutoka Nairobi hazitaki kuburuta chambo kutwa nzima. Wanataka kuvua mwambani nusu siku na kurudi na kitoweo. Shida yangu ni kikande. Nikitia nanga tu, chambo kimeliwa, ndoana zinapanda tupu, wageni wanaanza kutazama saa. Wenzangu wananiambia nihame kila nikimwona kikande. Wengine wanasema nimwage mabaki ya samaki kwa wingi ili wakubwa waje. Nifuate lipi? Na kikande mwenyewe ni samaki wa kumpa mgeni ale?

Jibu: Marahaba mwanangu. Usihame. Kikande wengi juu ya mwamba ni dalili kwamba mwamba ule uko hai: una nyufa, una kaa na konokono, una vitu vya kuliwa. Mwamba wa namna hiyo mara nyingi ndio huohuo wenye tewa na changu. Ukikimbia kila unapoguswa chambo utaishia kwenye mchanga mtupu na petroli imekwisha. Unachotakiwa kubadilisha ni ndoana, na pahali unapoiweka boti juu ya huo mwamba. Kuhusu kumwaga mabaki nitakuja, lakini jibu ni hapana.

Mjue kwanza anavyokula. Changu akichukua chambo hugeuka nacho, na ule mgeuko ndio unaousikia mkononi. Kikande hageuki. Yeye huogelea kwa mapezi mawili, la mgongoni na la chini nyuma ya tumbo, akiyapeperusha polepole, na mkia wake huutumia akitaka kukimbia. Kwa hiyo anaweza kusimama mbele ya chambo chako, akasogea, akarudi kinyumenyume, akapanda kidogo, na mshipi usitikisike. Kinywa ni kidogo, lakini taya zake huvunja kaa na konokono, na kila taya lina meno manane ya nje, makali kama patasi. Anakata kipande, anakaa kando, anarudi. Mgeni wako aliyeshika rodi nene anasikia kitu kidogo kinagonga, anangoja mvuto wenyewe. Mvuto huo hauji. Anapozungusha rili, ndoana inapanda safi.

Basi kwa kikande shuka kwenye ndoana ndogo, namba 1/0, au 2/0 ukiona wenye mwili. Iwe ya chuma kinene na shina refu, maana shina ndilo linaloweka uzi mbali na meno. Uzi wa mbele uwe wa pauni 60 au 80, mfupi, usizidi mkono mmoja. Chambo kiwe kigumu. Nyama ya una, yule samaki mdogo wa chambo, ni laini, hutoka kwa mdomo wa kwanza. Mkono wa pweza au ukanda wa ngisi utastahimili. Kata kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kichome mara mbili, ncha ibaki wazi. Manahodha wengi hukosea hapa: wanaona samaki anakula sana, wanaongeza chambo. Chambo kikubwa ndicho kinachomlisha bila kumnasa, kwa sababu ana nafasi ya kutafuna pembeni kabla hajaifikia ndoana.

Namna ya kushika nayo ni kazi. Chubwi likigusa chini, mgeni apandishe nusu pima, mshipi ukaze, uzi aushike kwa kidole. Akisikia mguso wa kwanza atulie. Ukija wa pili, ainue rodi polepole mpaka asikie uzito, kisha azungushe bila kusita. Asiicharaze, kwa kuwa ukiicharaza unaing'oa ndoana kwenye kinywa kile kidogo. Watoto wana mkono mzuri kwa jambo hili kuliko baba zao, hasa ukiwapa mshipi wa mkono badala ya rodi. Kidole cha mtoto kinasikia kila kitu.

Na akinasa, apandishwe pima moja haraka. Kikande akiliwahi jiwe atajifungia ndani, na hapo utakata mshipi. Anajifungia kwa mwiba wa mgongoni, na hili waonyeshe wageni wako samaki wa kwanza anapoingia botini. Ule mwiba wa mbele ukisimama, usukume kwa nguvu zako zote, haulali. Nyuma yake kuna mwiba mdogo. Ubonyeze huo wa pili kwa ncha ya kidole, na ule mkubwa utalala palepale. Wa pili ndio kufuli ya wa kwanza. Usiku hulala ndani ya mwanya akiwa amejikaza hivyo, na mchana akifukuzwa hufanya hivyo hivyo. Familia iliyoona jambo hili haitazami saa tena. Ila vidole vyao viwe mbali na kinywa, na ndoana uitoe wewe kwa koleo.

Sasa tewa. Kumbuka nimesema kikande hulala usiku. Huyo ni samaki wa mchana, anafanya kazi kwa macho. Ukifika mwambani alfajiri kabla jua halijapanda, utakuwa na muda kidogo ambapo tewa na changu wanakula na kikande bado hajaamka vizuri. Muda huo ni wa chambo kikubwa: una mzima au kichwa chake, kwenye ndoana ya duara namba 7/0 au 8/0, na chubwi zito la kufika chini upesi. Kichwa cha una hudumu kuliko mwili, hata kikande akianza kukigonga. Jua likishapanda na chambo kikaanza kukatwakatwa, wape wageni ndoana ndogo na uache rodi mbili tu za tezi, yaani nyuma ya boti, zikiendelea kuwangoja wakubwa. Shida ni kuwatoa watu wa likizo kitandani saa kumi usiku. Waambie mapema sababu yake, wataamka.

Kwa ndoana ya duara mgeni hapaswi kucharaza kabisa. Azungushe tu, ndoana itajitafutia pembe ya mdomo. Breki ya rili iwe imekazwa tangu mwanzo, maana vita vya tewa huamuliwa kwenye pima mbili za kwanza. Akishaingia pangoni usivutane naye. Legeza mshipi dakika chache, usubiri. Wengine hutoka wenyewe.

Lakini yote hayo ni bure kama boti imekaa vibaya, na nadhani hapa ndipo penye shida yako. Umeandika kwamba chambo kinaliwa mara tu ukitia nanga. Hiyo inaniambia unatupa nanga juu ya matumbawe yenyewe, kwenye kilele. Kilele ndipo kikande wanapoelea. Tewa mkubwa na changu wazuri wako ukingoni, pale mwamba unapoishia na mchanga kuanza, kwa sababu tewa huvizia mapangoni pembeni na changu hutoka kwenda kuchakura mchangani. Tena nanga ya matumbawe inavunja nyumba ya samaki unaowatafuta. Tumbawe la ukubwa wa meza limechukua miaka mingi kuwa hivyo, na mnyororo wako unalilaza kwa asubuhi moja. Naomba sana uache jambo hilo hata kama hukubaliani nami kwa mengine.

Fanya hivi. Ukifika kwenye mwamba wa nje, wa pima 15 hadi 25, yaani mita 27 hadi 45, zima injini uache boti ielee dakika tano huku unatazama GPS. Usijiamini kwamba unaujua mkondo. Sehemu kubwa ya mwaka maji ya pwani yetu hupanda kuelekea kaskazini, lakini wakati wa kaskazi mkondo wa Somalia hugeuka na kushuka, na mikondo hiyo miwili hukutana huku kwetu kaskazini mwa pwani ya Kenya. Jana ulielea kwenda Lamu, leo waweza kuelea upande mwingine. Ukishajua, panda kinyume cha mkondo, upite mwamba, utie nanga mchangani, kisha ulegeze kamba angalau mara tatu ya kina mpaka tezi ikae juu ya ukingo. Funga kamba ya pili kwenye kitako cha nanga ili ikikwama uing'oe kwa nyuma. Siku ambayo upepo na mkondo havipatani, boti itazungukazunguka. Siku hiyo usitie nanga, elea juu ya ukingo, ukipita wote washa injini urudi mwanzo.

Sasa yale mabaki niliyosema nitayajia: usiyamwage. Ukimwaga juu ya maji, kikande watapanda hadi chini ya boti na kuzuia kila kitu kinachoshuka, na wakija papa wageni wako watapandisha vichwa vitupu. Ukitaka harufu ifike chini, tia matumbo ya samaki kwenye mfuko wa wavu pamoja na jiwe, uushushe hadi ukingoni, uufunge. Kidogo kinatosha.

Kuhusu siku: bamvua iache. Maji ya hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu wakati wa bamvua, na mkondo juu ya miamba ya nje unakuwa mkali kiasi kwamba chubwi la mgeni halisimami. Familia wapangie maji mafu, kama tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 25 za mwezi wa Kiislamu. Kusi kali, kuanzia Mei hadi Julai, usijilazimishe, hata kama mtu anakupungia pesa ufuoni. Matlai ndiyo raha yetu. Na kaskazi ina neno lake hapa Malindi ambalo Lamu hawana: mto Sabaki. Wakati wa kusi matope ya Sabaki husukumwa kaskazini kuelekea ghuba ya Ungwana, lakini kaskazi huyaleta kwetu kusini. Baada ya mvua za vuli unaweza kukuta maji ya rangi ya chai mpaka mbali. Samaki wanaokula kwa macho hawafai kutafutwa humo. Endelea kutoka mpaka ukute mstari wa rangi. Upande wa maji meusi, yaani safi yasiyo na matope, ndipo pa kuanzia, na kwenye mstari wenyewe weka rodi moja ya kuburuta ukiwa njiani, kwa ajili ya nguru au felusi.

Banki ya Kaskazini usiwapeleke. Najua sifa zake za kungu na tewa, lakini iko mbali baharini na nusu siku haitoshi kwenda, kuvua na kurudi kwa usalama ukiwa na watoto.

Yupo kikande mmoja ninayekuomba umrudishe kila mara. Ni yule wa kijani iliyokolea mwenye mistari ya rangi ya chungwa iliyolala mshazari mwili mzima. Umeona kule maji haba wale viumbe vya duara vyenye miiba mirefu myeusi, vinavyotuchoma nyayo? Wakizidi hukwangua mwamba mpaka matumbawe yakashindwa kusimama. Kikande huyu ndiye mlaji wao mkuu. Utafiti uliofanywa miaka mingi kwenye miamba ya Kenya, ukilinganisha hifadhi na maeneo yanayovuliwa, ulionyesha kwamba anapovuliwa sana viumbe hao wa miiba huongezeka, na akishapungua, kurudi kwake huchukua miongo. Nyama yake ni kidogo hata hivyo. Mwamba wako wa kesho unamhitaji majini.

Kurudisha nako kuna ufundi. Samaki aliyetoka zaidi ya pima 10 hupanda na kibofu chake cha hewa kimevimba, na tewa utamwona tumbo limetokea mdomoni, macho yamechomoza. Ukimtupa hivyo ataelea mpaka ndege wamle. Usimtoboe tumbo hilo. Chukua ndoana kubwa, uisage ile ncha yake ndogo ya kinyume inayozuia samaki asichomoke, mpaka iwe laini, ifunge kichwa chini juu ya chubwi zito, mtie mdomoni, umshushe hadi chini, kisha uvute mshipi kwa ghafla atoke. Kazi ya dakika mbili. Nawataka manahodha wote waifanye kwa tewa wakubwa, kwa kuwa tewa wengi huanza maisha wakiwa majike na kugeuka madume wakikua. Mwamba ukiondolewa wakubwa wote unabaki bila madume. Mgeni apige picha, mmoja wa kiasi aende naye jikoni, yule mzee arudi chini.

Ndiyo, kikande analiwa, na ni mtamu. Watu humkwepa kwa sababu ya ngozi, ambayo ni ngumu hata kisu huteleza. Usipare magamba. Zungushia kisu nyuma ya kichwa na pembeni mwa mapezi, shika ngozi kwa kitambaa, uivute kuelekea mkiani kama soksi. Nyama ni nyeupe na imeshikamana, haivunjiki kwenye mchuzi, kwa hiyo samaki wa kupaka wa nazi anamfaa kabisa. Au mweke juu ya makaa na ngozi yake, akiiva ngozi inatoka yenyewe. Mama karanga, wale wanawake wa kukaanga samaki bandarini, watakumenyea wote kwa malipo kidogo wakati wageni wanakunywa madafu, na nakushauri upatane nao mapema.

Ila yule mkubwa kuliko wote, anayefika zaidi ya nusu mita, mwenye alama nyeusi juu ya mdomo wa juu kama masharubu, usimpe mgeni. Samaki wakubwa wa mwambani huweza kubeba sumu inayotokana na vijimea vidogo vya matumbawe, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika wala kugandisha, na yeye ni mmoja wa wanaotajwa. Ukiwa na wageni wanaoogelea na miwani, huyo huyo akiwa analinda mayai mchangani huwavamia na kuuma kweli. Eneo analolilinda hupanda kutoka kiotani kwenda juu na kupanuka, kwa hiyo wafundishe wakimbie kwa pembeni, wasipande juu moja kwa moja.

Mipaka nadhani unaijua, lakini baharia wako huenda hajui. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotangazwa mwaka 1968, hakuna kuvua kitu chochote. Chukua ramani ya mipaka kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori uitie kwenye GPS, usitegemee maboya. Leseni ya uvuvi wa burudani iwe botini, na jaketi za kuokoa maisha ziwe za idadi ya watu, zikiwemo ndogo za watoto, na zivaliwe.

Miamba hii ina wenyewe. Wavuvi wa mishipi wa Malindi na Mayungu waliijua kwa kupatanisha alama za nchi kavu kabla ya sisi kuwa na mashine ya kina, na mvuvi aliyekaa juu ya mwamba huo kwenye dau anatafuta chakula cha nyumbani. Ukimkuta, msalimie, upite. Nenda ukakae na BMU, yaani kamati ya usimamizi wa ufuo wako, mwelewane miamba gani boti za wageni ziguse na ipi ziiache. Mchukue mmoja wao awe baharia wako wa siku za mwambani umlipe sawasawa. Atakuonyesha ukingo ambao mashine yako haijauona. Na GPS ya mwamba alioupata kwa jasho lake usimpe mtu.

Mgeni usimwahidi tewa. Mwambie unampeleka kuvua mwambani, kwamba kikande na changu ndio wa kutarajiwa na tewa ni wa bahati. Mkubaliane kabla ya kuondoka ufuoni: samaki wangapi wanakwenda naye, wepi wanarudi majini, na watakaobaki ni wa nani kati yako na mabaharia.